Jinsi ya kutafuta historia ya mji wa mpakani (mfano ni Busia yetu)

Kama umezaliwa Busia, Malaba ama Lwakhakha, hii miji ya mpaka wa Kenya na Uganda, na mtu akuulize mji wenu ulianza lini, najua vile unakwama, hata mimi nilikwama. Nilikuwa natafuta mwaka mmoja na jina la mtu mmoja aliyeanzisha mji, nikazunguka miezi mingi bure, kumbe mji wa mpakani hauanzishwi hivyo. Swali la kuuliza ni hili: hapa watu walianza kusimamishwa lini? Mpaka unaeza kaa kwa karatasi miaka na miaka na hakuna mji. Mji unaanza pale mtu anasimamishwa na mzigo wake, anangoja, jua linampiga, njaa inamshika, halafu mama mmoja anaiona hiyo njaa anaweka sufuria ya uji kando ya barabara.

Sasa anza na karatasi kidogo ndio usipotee. Huu mpaka zamani haukuwa hapa. Kisumu, Mumias, hata Nakuru zilikuwa zinahesabiwa Uganda, mkoa wa mashariki wa Uganda, mpaka tarehe 1 Aprili 1902 Waingereza wakauhamisha huo mkoa ukaja upande wa Kenya. Reli ilikuwa imefika Kisumu Desemba 1901 na walitaka iwe chini ya serikali moja. Kwa hivyo ukipata karatasi ya 1898 imeandikwa Uganda usikimbilie kuvuka, huenda inaongea juu ya kwenu. Na mzee akikwambia babake alizaliwa Uganda na hakuwahi kuvuka mto Sio maishani, usimbishie, anasema ukweli. Baadaye amri ya 1926 ikaandika mstari wenyewe, inataja mto Sio, mto Malaba na Lwakhakha mpaka juu Mlima Elgon.

Hapa ndio wengi huteleza. Wanaona 1902 ama 1926 wanasema basi, mji ndio huo. Lakini tangu 1917 Kenya na Uganda zilikuwa na forodha moja, na pesa, tangu 1921, ilikuwa shilingi moja ya Afrika Mashariki mpaka 1966 kila nchi ilipoanza kutoa noti zake. Fikiria vizuri hiyo maneno. Kabla ya 1966 mbadilishaji pesa wa Busia angebadilisha nini na nini? Hao watu unaona wamekaa na mabunda ya noti karibu na geti, kazi yao ina umri, na umri wake unakupa sehemu ya umri wa mji.

Kwa wazee, usiulize mwaka. Uliza hivi: soko lilikuwa wapi kabla ya uhuru? Wakati maji ya Ziwa Victoria yalipanda, mafuriko ya 1961 na 1962, watu wa Bunyala kando ya ziwa walikimbilia wapi? Idi Amin akichukua serikali ya Uganda 1971 ulikuwa unauza nini? Na 1976 aliposema magharibi ya Kenya ni ya Uganda, mlilala nyumbani ama mlihama? Halafu uliza kahawa. Baridi kali iliharibu kahawa ya Brazil 1975, bei ikapanda sana, na kahawa ya Uganda ikaanza kumwagika huku kwa njia za panya, Chepkube hapo mpakani ikawa soko la usiku na mchana. Kuna watu huku mtaji wao wa duka ulitoka hapo na wakikuamini wanakuambia. Mwisho uliza Desemba 1987, wakati risasi zililia hapo mpakani. Kila mtu mzima anajua siku hiyo alikuwa amesimama wapi.

Kukhu mmoja (ndiyo nyanya kwa Kiluhya) wa Burumba, mtaa wa hapa Busia, nilimpata anachambua omena kwa ungo. Nilimsalimia mulembe, nikakaa chini kwanza, sikutoa simu. Tuliongea mvua, tukaongea watoto, ndio akaanza mwenyewe kunionyesha kwa mikono vile alikuwa anakalia baiskeli, kando kando, kikapu cha samaki kwa mapaja, kile kiti cha nyuma kimefungwa mto wa nguo kuukuu. Kutoka kizuizi kimoja mpaka kingine ilikuwa mbali kutembea na mzigo, na vijana walikuwa wanaita "boda! boda!", yaani border, mpakani. Hilo jina Afrika Mashariki nzima inalitumia sasa, na lilizaliwa huku kwetu mpakani, kwa miguu ya vijana wetu.

Halafu vuka. Hili nakuomba usiliache. Wasamia wako huku na wako Samia-Bugwe ng'ambo, upande wa Uganda, Wateso ni hivyo hivyo, na mpaka ulipita katikati ya boma za watu. Ukiandika upande wa Kenya peke yake umeandika nusu. Omba kuona karatasi za nyumbani pia: kadi ya ubatizo, kipande (kitambulisho cha wakati wa mkoloni), risiti ya kodi. Kadi ya babu yangu ina jina la parokia ya ng'ambo na hiyo pekee ilinifungulia mlango wa ukoo mzima.

Nyaraka za Taifa ziko Nairobi, Moi Avenue, jumba lililokuwa la National Bank of India. Itisha ripoti za mwaka za wilaya na zile ripoti DC, mkuu wa wilaya, alikuwa anamwandikia mwenzake akimkabidhi kazi. Usitafute Busia peke yake, hutapata kitu, wilaya ya Busia ni ya 1963. Kabla yake tafuta Elgon Nyanza, na nyuma zaidi North Nyanza, ambayo mpaka 1948 iliitwa North Kavirondo. Na ukisoma, kumbuka DC anaandika magendo pale kukhu anaona alienda kumpelekea dadake mtama. Andika yote mawili, na kila neno liwekee jina la aliyelisema kama amekubali.

Ukimaliza usilipeleke kwa watu bado. Rudi umsomee aliyekupa. Mimi nilikuwa nimeandika soko lilianzia barabarani, kukhu akaniambia hapana, lilianza chini ya mvule, wanawake walifuata kivuli, barabara ndio iliwafuata. Nilibadilisha hapo hapo, yeye akiwa ameshika ungo wake ananingoja nimalize kuandika.