Vumbi kwenye slaidi za zamani: kazi ya kufanya kabla ya kuwasha skana

Picha ya slaidi, yaani kipande cha filamu cha kuangazwa ukutani, ni ndogo, milimita 24 kwa 36, ndani ya fremu ya sentimita 5 kwa 5. Ukiiskani kwa nukta 3200 kwa inchi, punje ya vumbi yenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita inachukua pikseli 12 au 13. Kwenye televisheni itaonekana kama nzi aliyetua usoni mwa bi harusi. Slaidi ni picha chanya, yaani mwanga na giza viko kama vilivyo kweli, kwa hiyo kinachozuia mwanga hutoka cheusi. Kwenye negativu hutoka cheupe.

Vumbi la visiwani Zanzibar lina tabia zake. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari za boriti humwaga unga mwaka mzima. Chembe hizo ni ngumu: ukizifuta kwa kitambaa zikiwa kavu, zinakwaruza filamu, na mkwaruzo hauondoki tena. Juu ya hayo, hewa ya bahari ina chumvi, chumvi huvuta unyevu, na vumbi lenye unyevu hunata. Ndiyo sababu slaidi iliyotoka kabatini moja kwa moja hupulizwa mara kumi na vumbi likabaki pale pale.

Basi anza kwa kukausha. Ziweke slaidi kwenye bweta la plastiki la lita 5 lenye mfuniko unaobana, pamoja na gramu 100 hivi za vifuko vya silika (chembe zinazonyonya unyevu), siku 2 au 3. Usitumie mchele, unaacha unga wake. Usianike juani, rangi zitapauka. Miezi ya kusi, Juni hadi Septemba, inafaa kuliko masika. Ukizitoa kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda chumba cha joto, usifungue bweta mpaka lipate joto la chumba, la sivyo slaidi zitashika umande.

Chumba nacho kitayarishwe. Usifagie, piga deki, pangusa meza kwa kitambaa kibichi, zima pangaboi, kisha subiri saa 1 vumbi litue. Meza iwe tupu, bila kitambaa juu yake. Kanga mpya ya pamba humwaga nyuzi, na nyuzi husumbua kuliko vumbi kwa sababu hujikunja juu ya picha. Kwa aliye Pemba wakati wa mavuno, karafuu zikigeuzwa uani vumbi huingia hadi ndani. Kazi hii ifanyike usiku, zikishaingizwa.

Kupuliza kunahitaji mpira wa kupulizia wa mafundi kamera. Ukiukosa, mpira mkubwa wa kunyonyea kamasi za mtoto, unaouzwa famasi, unatosha. Ukiwa mpya unaweza kuwa na unga ndani, kwa hiyo ubonyeze mara 30 nje ya dirisha kwanza. Shika slaidi kwa kingo za fremu, uiinamishe ili vumbi lianguke chini, na upulize kutoka pembeni kwa umbali wa sentimita 3 hadi 5, mara nne au tano kila upande. Usipulize kwa mdomo kamwe: tone la mate hukauka likawa doa. Kisha mulika tochi ya simu kwa ubavu; vumbi lililobaki litametameta. Hilo liguse kwa brashi laini ambayo haijawahi kupakwa poda wala mafuta.

Likigoma, tazama pande mbili za filamu. Upande unaong'aa ni plastiki. Uliofifia ndio wenye jelatini iliyobeba picha. Alama za vidole upande unaong'aa zinaondoka kwa pamba safi iliyoloweshwa kidogo tu kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Ile ya asilimia 70 ina maji, na sanitaiza mara nyingi huwa na gliserini, zote ziache. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, huo si vumbi, ni ukungu. Ukungu hula jelatini na kuifanya iyeyuke majini, kwa hiyo tone moja la maji linaweza kuondoka na picha yenyewe. Slaidi hizo zitenge, zikaushe, zipulizie nje, uziskani zilivyo.

Kioo cha skana kifute kwa kitambaa cha miwani, ukitia alkoholi kwenye kitambaa na si kwenye kioo. Msitari mmoja ulionyooka mwanzo hadi mwisho wa picha mara nyingi ni punje iliyokaa kwenye sehemu ya kioo ambapo skana hujipimia mwanga. Kama hujui doa liko wapi, geuza slaidi kichwa chini uskani tena: doa likibaki mahali pale pale, liko kwenye kioo.

Skana nyingine husafisha kwa miali ya infraredi, ambayo hupenya rangi za filamu lakini huzuiwa na vumbi. Kwa filamu za slaidi za rangi za Ektachrome na Fujichrome msaada wake ni mkubwa. Anza na kiwango cha chini. Kwa picha nyeusi na nyeupe usiiwashe, maana fedha iliyomo kwenye filamu huzuia miali hiyo na programu itadhani picha yote ni vumbi. Kwa Kodachrome, filamu nyingine ya slaidi za rangi, nayo haiaminiki: sehemu za giza zinaweza kusomwa kama uchafu, na nakshi za kofia au kamba za jahazi zikafutika. Iskani mara mbili, kwa infraredi na bila, ulinganishe kwa ukubwa kamili.

Madoa yatakayobaki yaondoe kwa GIMP, programu ya kuhariri picha ambayo ni ya bure. Hifadhi kwanza faili la TIFF (aina ya faili la picha lisilopunguza ubora) usiloligusa. Kwa anga na kuta, nakili tabaka, lififishe (blur) kwa pikseli 4, kisha liweke katika hali ya kung'arisha tu (Lighten only): madoa meusi yatafifia, sehemu nyeupe zitabaki. Nyuso za watu zisipitiwe kwa njia hiyo. Huko tumia brashi ya kuponya, kubwa kidogo tu kuliko doa, doa moja baada ya jingine.