Jinsi ya kuomba akaunti feki yenye jina lako iondolewe

Mara nyingi habari hukufikia kupitia mtu mwingine. Rafiki anapiga simu kuuliza kama kweli umefungua akaunti mpya na unaomba utumiwe hela. Hasira hupanda, na kinachokujia haraka ni kumwandikia huyo tapeli umseme. Usimwandikie. Akijua umemgundua atakublok, atabadilisha jina na picha, na wewe utabaki huna cha kuonyesha.

Kwanza hakikisha tatizo ni lipi hasa. Jaribu kuingia kwenye akaunti yako ya siku zote. Ukiingia bila shida na bado watu wanapokea ujumbe usioujua kutoka ukurasa mwingine, basi kuna akaunti feki, na mwongozo huu ni wako. Ukikuta nenosiri limebadilishwa, umedukuliwa, na njia ni nyingine: Facebook wana ukurasa wa facebook.com/hacked na Instagram wana instagram.com/hacked. Jua pia kwamba mtu kuwa na jina kama lako si kosa. Kosa ni kuchukua jina, picha na maelezo yako ili watu waamini yeye ni wewe.

Sasa kusanya ushahidi, kabla hujabonyeza popote pa kuripoti. Piga skrinishoti ya ukurasa wote: jina, picha, maelezo na machapisho. Waliotumiwa ujumbe wakuletee skrinishoti za mazungumzo, na kama waliombwa hela, namba waliyopewa ionekane pamoja na tarehe. Waambie wasifute kitu.

Lakini skrinishoti peke yake haitoshi, na hapa ndipo maombi mengi hukwama. Wanaoshughulikia ripoti yako wanahitaji kiungo cha akaunti yenyewe. Jina linaloonekana juu ya picha linaweza kutumiwa na watu elfu moja. Kinachotambulisha akaunti ni jina la mtumiaji au namba iliyo ndani ya kiungo. Fungua ukurasa huo feki, gusa nukta tatu, unakili kiungo, kisha ukibandike mahali salama. Usikiandike kwa mkono. Matapeli hucheza na herufi: “l” ndogo inakaa mahali pa “I” kubwa, nukta inaongezwa katikati ya majina mawili, mstari wa chini unawekwa mwishoni. Kwa macho huoni tofauti, na ukikosea herufi moja unaweza kuripoti mtu asiyehusika, au hata akaunti yako mwenyewe. Ukitafuta ukurasa huo usiuone, huenda ameshakublok. Mwombe rafiki aliyeuona akutumie kiungo.

Ushahidi ukishakuwa mkononi, watahadharishe watu wako siku hiyo hiyo, usisubiri majibu ya kampuni. Mimi naiweka hatua hii mbele ya ombi lenyewe, kwa sababu akaunti inaweza kuondolewa kesho lakini hela ya mama mdogo imeshakwenda leo. Weka kwenye ukurasa wako na kwenye magrupu maneno mafupi kama haya: “Kuna akaunti inatumia jina na picha yangu kuomba hela. Si mimi. Akaunti yangu ni hii moja tu. Ukipata ujumbe wa namna hiyo usijibu, piga skrinishoti unitumie, na kama umeshatuma hela nipigie sasa hivi.” Wazee wasioshinda mtandaoni wapigie simu. Aliyekwisha tuma hela awasiliane mara moja na benki au mtandao wa simu alioutumia, maana dakika zina thamani kubwa hapo.

Ndipo uombe. Kwenye Facebook, Instagram na TikTok njia zinafanana: fungua ukurasa feki, gusa alama ya menyu, chagua kuripoti akaunti, kisha tafuta chaguo linalosema akaunti hii inajifanya mtu mwingine, na ukiulizwa ni nani, chagua “mimi”. Maneno ya menyu hubadilika mara kwa mara, ila chaguo hilo lipo. Usichague “taka” au “sipendi” kwa sababu tu liko juu. Ukifanya hivyo ombi lako linahukumiwa kwa kosa jingine kabisa.

Instagram hushughulikia ripoti ya namna hii inapotoka kwa mwenyewe anayeigizwa au anayemwakilisha, kama mzazi kwa mtoto. Kwa hiyo usimwachie rafiki akufanyie. Huna akaunti huko? Facebook na Instagram wana fomu kwenye kurasa zao za msaada kwa watu wa namna hiyo. X (zamani Twitter) nao wana fomu yao, ila wanaruhusu akaunti za kuigiza kwa utani zinazojitambulisha wazi kuwa hivyo. Kwenye WhatsApp anayeripoti ni yule aliyetumiwa ujumbe: afungue mazungumzo, aguse jina juu, aripoti. WhatsApp hupokea ujumbe hadi tano za mwisho alizotumiwa na namba hiyo, hivyo aripoti kabla ya kufuta. Telegram wana akaunti yao ya @notoscam ya kupokea ripoti za matapeli.

Fomu ikikupa nafasi ya maelezo, usimwage machungu yako yote pale. Andika hivi: “Akaunti iliyo kwenye kiungo hiki inatumia jina langu kamili na picha zangu bila ruhusa, na inawaomba watu ninaofahamiana nao hela. Akaunti yangu halisi ni hii. Nimeambatisha kitambulisho na skrinishoti. Naomba akaunti hiyo iondolewe.” Inatosha.

Unaweza kuombwa picha ya kitambulisho. Ipige penye mwanga, pembe zote nne zionekane, jina lisomeke. Soma maelekezo ya fomu. Pale inaporuhusiwa, funika namba ya kitambulisho na taarifa wasizohitaji. Kipakie ndani ya fomu rasmi tu. Nasisitiza hili kwa sababu mara tu utakapotangaza tatizo lako hadharani, watajitokeza watu kukuambia kuna mtaalamu anayeondoa akaunti kwa malipo. Hao ni matapeli wengine. Kuripoti ni bure, na hakuna anayehitaji nenosiri lako wala zile tarakimu sita za uthibitisho zilizoingia kwenye simu yako.

Tunza barua pepe ya uthibitisho na namba ya ombi, na angalia hata folda ya barua taka. Marafiki wakiripoti pia si vibaya, lakini wingi wa ripoti si unaoamua. Ombi moja la mhusika lenye kitambulisho lina uzito zaidi.

Ukikataliwa, kata rufaa kama nafasi ipo, au tuma upya ukiwa na ushahidi mpya, hasa mazungumzo ya kuomba hela. Njia nyingine ni hakimiliki: kama picha aliyoiba uliipiga wewe, unaweza kudai iondolewe kwa msingi huo. Fikiri kwanza, kwa sababu katika madai ya hakimiliki jina lako na mawasiliano yako vinaweza kupelekwa kwa huyo unayemlalamikia. Kama unahofia usalama wako, iache.

Hela zikishachukuliwa, au kukiwa na vitisho, nenda polisi na ushahidi uliochapishwa, utoe taarifa na uombe namba yake. Benki wanaweza kuihitaji. Kama zimetumika picha za utupu, mwenye miaka 18 na zaidi atumie StopNCII.org, ambayo hutengeneza alama ya kidijitali ya kuitambua picha ndani ya kifaa chako bila kuipakia picha yenyewe. Kwa picha alizopigwa mtu akiwa chini ya umri huo ipo huduma ya namna hiyo iitwayo Take It Down.

Akaunti ikishaondolewa, ficha orodha ya marafiki zako isionekane na kila mtu, maana ndiyo aliyoitumia kuwafikia. Kisha endelea kutafuta jina lako mara kwa mara, pamoja na picha yako ya wasifu kwa njia ya kutafuta kwa picha. Tapeli wa namna hii hupenda kurudi na herufi moja tofauti.