Namna ya Kufundisha Maarifa ya Jamii kwa Picha kwa Watoto Wadogo

Mtoto wa darasa la kwanza ambaye bado anahangaika kuunganisha silabi anaweza kuisoma picha vizuri kuliko mwalimu wake, mradi aachwe aitazame. Kosa tunalolifanya walimu wengi, nami nimelifanya kwa miaka, ni kuibandika picha ubaoni na papo hapo kuanza kuieleza: hili ni soko, huyu ni muuzaji, yule ni mnunuzi, semeni wote. Kipindi kinapokwisha watoto wamekariri maneno ya mwalimu, na picha imebaki kuwa pambo la ukuta.

Picha ya kwanza itoke mahali ambapo watoto wamepapita kwa miguu yao wenyewe, kama vile gulio, kituo cha daladala, bomba la maji, zahanati, au mwalo wa samaki kwa wanaoishi kando ya ziwa. Picha za theluji na mabasi ya ghorofa zina siku yake, lakini mtoto anayeanza hana cha kuzilinganisha nacho. Chagua picha ya watu walio katika shughuli, si ya watu waliojipanga wakatabasamu, kwa kuwa somo letu linahusu kazi na uhusiano wa watu, na waliojipanga hawaonyeshi uhusiano wowote isipokuwa ule wao na mpiga picha.

Ukubwa nao uangaliwe. Katika darasa la wanafunzi 80, picha ya ukubwa wa daftari ni ya watoto wa dawati la mbele tu. Ichore upya kwa mistari minene kwenye karatasi ya manila, au kwenye upande wa ndani wa mfuko wa saruji uliokung'utwa vumbi, au toa nakala kadhaa na kuwagawa watoto sita sita. Usiogope kwamba hujui kuchora. Watoto huvumilia mchoro mbaya kuliko wanavyovumilia picha nzuri wasiyoiona.

Ukishaitundika, nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi sitini, ingawa dakika hiyo itakuwa ndefu kwako kuliko kwao. Kisha uliza, "Mnaona nini?" na upokee kila jibu bila kusahihisha. Baada ya hapo ndipo lije swali lenye uzito, yaani "Umejuaje?" Liulize kwa sauti ya upole, kwa sababu watoto wetu wamezoea kulisikia neno hilo wanapokaripiwa, na aliyejibu sawasawa anaweza kudhani amekosea akajirudi. Mimi sasa husema, "Njoo utuonyeshe kwa kidole."

Siku moja nilileta picha ya gulio ambamo mama mmoja ameketi nyuma ya mafungu ya nyanya, akiwa ameinua noti kuielekeza kwa jirani yake anayeuza dagaa. Nilikuwa nimepanga kufundisha maneno mawili tu, muuzaji na mnunuzi. Mtoto mmoja akasema, "Huyu mama hana chenji." Nikamwita aonyeshe, akaweka kidole kwenye noti, akakipeleka kwa mteja aliyesimama na mfuko uliokwisha kujaa, kisha akakirudisha kwa muuza dagaa. Mwenzake akaongeza kwamba mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, maana magurudumu ya mkokoteni yalikuwa na tope bichi na hakuna aliyefungua mwavuli. Somo la kutegemeana katika jamii, ambalo nilikuwa nimeliweka wiki mbili mbele katika andalio langu, lilifundishwa siku ileile na watoto wenyewe, nami nikabaki na kazi ya kuuliza swali la mwisho: ni nani ambaye hayumo katika picha hii, lakini bila yeye soko hili lisingekuwapo? Wakamtaja mkulima, mvuvi, dereva, na mtu mmoja ambaye sikumfikiria, anayefagia soko jioni.

Watoto wakishazoea kusoma picha za namna hiyo, wapeleke kwenye picha za alama. Nembo ya Taifa wanaiona kila siku bila kuitazama. Ichore kubwa, ifunike kwa karatasi, kisha ifunue kidogo kidogo kutoka chini: Mlima Kilimanjaro, utepe wenye maneno "Uhuru na Umoja", mwanamume na mwanamke wanaoshika pembe za ndovu, na ngao yenye mawimbi, jembe na shoka, mkuki, bendera na mwenge. Tua kwenye miguu ya watu hao wawili, kwa kuwa miguuni pa mwanamume pana karafuu na miguuni pa mwanamke pana pamba. Pitisha karafuu chache na kitumba cha pamba mkononi mwa kila mtoto. Darasa la Pemba litaitambua karafuu kwa harufu kabla ya kuitazama na litauliza habari za pamba, na darasa la Shinyanga litafanya kinyume chake. Kwa mlango huo mwalimu anaweza kuingiza habari za Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 bila kuanza na tarehe yenyewe.

Picha mbili zikiwekwa sambamba hufundisha zaidi ya moja. Weka tembe ya Wagogo, yenye paa bapa la udongo, kando ya msonge wa Wahaya, ulioezekwa kwa nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, na uulize mvua ikinyesha maji yatakwenda wapi. Watoto watagundua wenyewe kwamba paa la udongo linafaa Dodoma, ambako mvua ni haba, na kwamba Bukoba lingeporomoka. Usiulize ipi ni nyumba nzuri. Waeleze pia kwamba familia nyingi za sehemu hizo sasa zinaishi katika nyumba za bati, la sivyo mtoto ataondoka akiamini kwamba kila Mgogo analala katika tembe.

Ramani ije mwisho, na mlango wake ni kikombe: wakichore wakikitazama kwa ubavu, kisha wasimame wakichore kutoka juu, ndipo wachore darasa lao kama ndege anavyoliona.

Kila baada ya muhula, zitandaze picha zako zote sakafuni na uhesabu. Ikiwa kila mwanamke yuko jikoni na kila daktari ni mwanamume, mkusanyiko huo unafundisha jambo ambalo hukulikusudia, tena kwa nguvu kuliko maneno yako.

Ukipiga picha mwenyewe, omba ruhusa ya wanaoonekana, hasa wazazi wa watoto. Nyuma ya kila picha andika kwa penseli mahali na mwaka ilipopigwa, kwa kuwa picha ya kituo cha daladala ya leo itakuwa somo la historia baada ya miaka kumi. Zihifadhi katika bahasha ya kaki ndani ya sanduku la bati, kwa sababu mchwa hawachagui kati ya picha na gazeti.