Kipanuzi cha kaakaa la mtoto: kuanzia kumtazama akiuma hadi kukivua

Hapa Mtwara mtoto huletwa kwangu jino likimuuma. Kaakaa jembamba halimuumi mtu, kwa hiyo wenye nalo huwagundua mwenyewe nikiwa natafuta jino bovu. Haya nimeyaandika kwa mzazi aliyeambiwa kwamba mwanawe anahitaji kipanuzi, yaani kifaa chenye skrubu kinachofungwa kwenye meno ya juu ili kupanua kaakaa, au anayeanza kushuku.

Hatua ya 1: Mtazame akiuma

Mwambie aume magego, kisha achanue midomo. Meno ya juu ya pembeni yanatakiwa kuyafunika ya chini kwa nje, kama kifuniko cha sufuria. Yakiwa yameingia ndani ya yale ya chini, taya la juu ni jembamba.

Angalia na kidevu. Mtoto ambaye meno yake hayakutani vizuri husogeza taya la chini upande mmoja ili apate pa kutafunia. Akizoea hivyo miaka na miaka, taya linaweza kukua limepinda. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya kuwahi, kuliko uzuri wa tabasamu. Kama anakoroma na kulala mdomo wazi, apimwe pia na daktari wa masikio, pua na koo. Kipanuzi hakiondoi nyama za puani.

Hatua ya 2: Hesabu miaka yake

Kaakaa ni vipande viwili vya mfupa vilivyokutana katikati kwa mshono, kama ukili unavyoshonwa kwa ukili mwenzake mkeka ukapatikana. Utotoni mshono huo unaachia. Kadiri mtoto anavyobalehe, kingo zake huingiliana kama meno ya msumeno, na baadaye zikashikana kabisa. Kwa hiyo tunapenda kumpata akiwa na miaka 7 hadi 12 hivi. Ukubwani kifaa hichohicho hulaza meno kwa nje tu, na kupanua mfupa wenyewe huhitaji upasuaji au skrubu ndogo zinazokazwa mfupani.

Hatua ya 3: Kabla ya safari

Wengi wetu huku hufungiwa kifaa Dar es Salaam, na hapo katikati kuna kilomita zaidi ya 500 za basi. Usipande basi la kurudi bila kujua mambo matatu: ni zamu ngapi za kuzungusha skrubu kwa siku, ni lini kusimama, na nani wa kumpigia simu. Omba na ufunguo wa pili wa kuzungushia skrubu. Wa kwanza utapotea.

Hatua ya 4: Zungusha

Ufunguo ni waya mdogo. Ufunge uzi, uzi uuzungushe kidoleni mwako, usije ukamezwa. Mlaze mtoto kwenye mwanga, ingiza ufunguo kwenye tundu la skrubu, sukuma kuelekea kooni mpaka tundu jipya lionekane mbele. Kisha uchomoe taratibu bila kurudisha skrubu ulikoitoa. Tundu jipya lisipoonekana, zamu haijakamilika, na kesho ufunguo hautapata pa kuingia.

Kwa skrubu nyingi, zamu moja ni robo mzunguko, yaani milimita 0.25. Wanaopanuliwa kwa haraka huzungushiwa mara moja au mbili kwa siku, wiki mbili au tatu. Weka alama kwenye kalenda kila zamu. Mtoto atasikia mbano kwenye meno na kwenye shina la pua kwa dakika chache. Yakiwa maumivu makali, simama upige simu.

Hatua ya 5: Usiogope mwanya

Bibi mmoja wa Mikindani alinijia amefura: "Mwanangu, mjukuu wangu mmempasua!" Meno mawili ya mbele yalikuwa yameachana. Nikamwambia huo ndio ushahidi kwamba mshono umefunguka. Mwanya hujifunga wenyewe polepole, nyuzi za ufizi zikivuta meno. Mjukuu ndiye aliyenuna kusikia hivyo. Alishaanza kuringia mwanya wake.

Na uso je? Mshono hufunguka zaidi mbele kuliko nyuma, na zaidi kwenye meno kuliko juu puani. Sakafu ya pua hupanuka kidogo, na wapo wanaopumua kwa wepesi zaidi, ila hilo siliahidi. Taya la chini huweza kushuka na kurudi nyuma kidogo, uso ukarefuka kwa muda, ndiyo maana mtoto mwenye uso mrefu tangu hapo tunakwenda naye kwa tahadhari. Zile picha za mitandaoni za kabla na baada, uso umekuwa mwingine kabisa, zitazame vizuri: katikati mtoto amekua miaka miwili.

Hatua ya 6: Kiache mdomoni

Zamu zikiisha, kazi ya mfupa ndiyo kwanza inaanza. Pengo la katikati linahitaji miezi 3 hadi 6 kujaa mfupa mpya, kifaa kikiwa kimesimama vilevile. Apige mswaki kila baada ya kula na asukutue kwa maji, maana mabaki ya ming'oko hujificha chini ya waya. Korosho ngumu na kashata zingoje.

Hapa niliwahi kukosea. Baba mmoja wa Nanyamba aliniomba nikivue wiki ya sita, msimu wa korosho umeingia na familia inahamia shambani. Meno yalikuwa yamekaa vizuri, nikakubali. Waliporudi korosho zimeshauzwa, magego ya juu yalikuwa yamerudi ndani, tukaanza upya na kalenda mpya.