Kupanga ventileta kwa mtoto aliye chini ya nusukaputi

Haya nawaandikia wenzangu wa dawa ya usingizi katika hospitali za kaunti na za misheni, ambako ventileta (mashine ya kupumulia) iliyomhudumia mzee wa miaka 70 asubuhi ndiyo itakayompumulia mtoto wa mwaka mmoja saa sita. Mfano wetu ni mtoto wa kilo 10 anayefanyiwa upasuaji wa ngiri hapa Nakuru. Ukumbuke jambo moja tangu mwanzo: namba uliyoweka kwenye mashine si lazima iwe ndiyo hewa inayofika mapafuni.

Hatua ya 1: Mpime
Tumia mizani, usikubali makisio. Muulize mama kuhusu kikohozi, mafua na homa za karibuni. Familia ikiwa imetoka upande wa Ziwa Viktoria, uliza pia kuhusu selimundu, maana mtoto wa namna hiyo hastahimili upungufu wa oksijeni, baridi wala kiu.

Hatua ya 2: Andaa mashine kabla hajaingia thieta
Funga mipira (mabomba ya hewa) ya watoto, pima uvujaji, na uweke ambu (mfuko wa kupumulia kwa mkono) ya saizi ya mtoto pale mkono unapofika. Stima haipigi hodi ikipotea.

Angalia filta. Pumzi moja ya mtoto wetu ni takriban mililita 70. Filta nyingi za watu wazima zina nafasi mfu, yaani nafasi inayobakiza hewa iliyokwisha kutolewa, ya mililita 30 hadi 90, kwa hiyo anaweza kuwa anavuta tena hewa ileile aliyoitoa huku mashine ikionyesha kila kitu ni shwari. Tafuta filta ndogo.

Hatua ya 3: Mrija wa hewa wa kooni
Kuanzia miaka 2, gawa umri kwa 4 kisha ongeza 3.5 kupata saizi (kipenyo kwa milimita) ya mrija wenye puto. Huyu wa mwaka mmoja, 3.5 humtosha kwa kawaida; weka 3.0 na 4.0 kando. Presha ya puto isizidi sentimita 20 za maji. Sikiliza kwapa zote mbili, kisha usikilize tena akishageuzwa au kusogezwa. Shingo ikikunjwa tu, mrija huzama ndani zaidi na kuingia pafu la kulia.

Hatua ya 4: Namba za kuanzia
Ujazo wa pumzi moja: mililita 6 hadi 8 kwa kila kilo, yaani 60 hadi 80. Pumzi 25 kwa dakika, uwiano wa kuvuta na kutoa 1:2. PEEP (presha inayobaki mapafuni mwisho wa kutoa pumzi) sentimita 5 za maji, ili vifuko vya hewa visisinyae mwisho wa pumzi. Kwa mapafu yenye afya, presha ya juu kabisa ikipita 20 jiulize kwa nini, usiongeze tu.

Oksijeni 100% ni ya kuanzia na ya dharura. Ikikaa muda mrefu, damu huifyonza yote kutoka kwenye vifuko na vifuko vinajifunga. Ila usinakili namba za vitabu vya pwani bila kufikiri. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, presha ya hewa ni ndogo, na 30% ya hapa humpa mtoto kiasi cha oksijeni ambacho 24% ingempa Mombasa. Mimi huanza na 40%, kisha nafuata oksimita (kipimo cha oksijeni ya damu), nikilenga 94% au zaidi.

Hatua ya 5: Punguza hewa mpya
Hapa ndipo mashine za zamani hutudanganya. Nyingi zake huruhusu hewa mpya inayotoka kwenye flomita (kipimo cha mtiririko wa gesi) ijumlishwe na pumzi ya ventileta. Fanya hesabu: kwa pumzi 25, kila pumzi ina sekunde 0.8 za kuvuta. Lita 6 kwa dakika ni mililita 100 kwa sekunde, kwa hiyo mtoto anaongezewa mililita 80 juu ya zile 70 ulizopanga. Umemjaza maradufu! Ukishusha hadi lita 1.5, nyongeza inakuwa 20.

Mipira nayo inaiba upande wa pili. Ikitanuka mililita 2 kwa kila sentimita ya presha, ukifika presha 15 umepoteza 30. Ndiyo maana kwa watoto wadogo napendelea kupanga presha badala ya ujazo: naanza na 10 juu ya PEEP na kupandisha polepole huku nikitazama kifua. Kengele ya ujazo mdogo lazima iwe imewashwa, kwa sababu daktari akiegemea tumbo, presha haibadiliki lakini hewa inapungua.

Hatua ya 6: Thibitisha
Kifua kiinuke kwa upole pande zote mbili. Kapnografu (kipimo cha kabonidioksidi katika pumzi anayotoa) ionyeshe 35 hadi 45 mmHg. Unganisha kijibomba chake karibu kabisa na mrija, la sivyo namba itasomeka chini kuliko ilivyo.

Hatua ya 7: Oksijeni ikishuka
Mtoto hutumia oksijeni zaidi ya maradufu ya mtu mzima kwa kila kilo, kwa hiyo hushuka haraka. Weka 100%, mwondoe kwenye ventileta, mpumulie kwa mkono. Akipanda, tatizo ni la mashine. Asipopanda: je, mrija umetoka au umezama? Umeziba kwa makohozi? Kuna hewa imevujia nje ya pafu? Fyonza, sikiliza, na ukishindwa kuuelewa mrija, utoe umpumulie kwa barakoa.