Jinsi ya kukusanya sarafu ya senti mbili ya Marekani (1864–1873), hatua kwa hatua

Watu wengi wakianza kukusanya sarafu za zamani za Marekani wanakimbilia zile dola kubwa za fedha, na hii ndogo ya senti mbili inabaki trei ya chini dukani haiulizwi na mtu. Mi ndo niliyoanza nayo, naishi jimbo la Pennsylvania na sarafu zote za senti mbili zilipigwa, yaani zilitengenezwa, kwenye kiwanda cha Philadelphia, hapa hapa jirani. Na nakwambia ukweli, kwa mtu mwenye mshahara wa kawaida sioni seti nyingine ya karne ya 19 inayokamilika kirahisi hivi. Miaka ni 10 tu, basi.

Hatua ya 1: ijue kabla hujatoa hela

Hii sarafu ilizaliwa vitani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza 1861, watu wakaficha dhahabu, wakaficha fedha, mwisho hata senti za kawaida zikapotea mtaani, wenye maduka wakawa wanarudisha chenji kwa stempu za posta na vipande vya shaba walivyojitengenezea wenyewe. Kama umewahi kupewa pipi au kiberiti dukani kwa sababu "chenji hakuna" utaelewa hali ilivyokuwa. Tarehe 22 Aprili 1864 ikapita sheria ya kutengeneza senti nyepesi ya shaba, na pamoja nayo hii ya senti mbili.

Mchoraji ni James B. Longacre. Mbele kuna ngao, mishale miwili imekingamana nyuma yake, na juu utepe wenye maneno IN GOD WE TRUST, yaani tunamtumaini Mungu. Hapa ndipo pananigusa mimi: hii ndiyo sarafu ya kwanza kabisa ya Marekani kubeba hayo maneno. Novemba 1861 mchungaji mmoja wa Pennsylvania, Mark Watkinson, alimwandikia barua waziri wa fedha Salmon P. Chase akiomba Mungu atajwe kwenye hela ya taifa, Chase akalichukua, maneno yakarekebishwa mara kadhaa, na yalipokamilika yakaangukia kwenye hii sarafu ambayo leo Wamarekani wengi hata hawajui kama iliwahi kuwepo. Geuza nyuma utakuta shada la ngano na katikati 2 CENTS.

Baadaye ikaja senti tatu ya nikeli 1865 na senti tano ya nikeli 1866, watu wakahamia huko, na sheria ya Februari 1873 ikaifuta.

Hatua ya 2: andika orodha yako

Hakuna alama za viwanda mbalimbali za kukuchanganya, unafuata mwaka tu. 1864 zilipigwa karibu milioni 20 na 1865 zikapigwa 13,640,000, hizi mbili utazikuta kila mahali. 1866, 1867 na 1868 ni milioni tatu hivi kila mwaka, 1869 kama milioni moja na nusu, 1870 ni 861,250, 1871 ni 721,250, halafu 1872 inaporomoka mpaka 65,000. 1873 haikuingia mtaani kabisa, zilipigwa chache za prufu tu, zile za kung'aa wanazotengenezewa wakusanyaji. Kwa hiyo lengo la kwanza weka 1864 mpaka 1871, sarafu nane. Zile mbili za mwisho ziache kwanza.

Hatua ya 3: vifaa vitatu

Lenzi ya kukuza mara 10, mizani ndogo inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu, na taa ya mezani. Sarafu nzima ina gramu 6.22 na upana wa milimita 23, ndogo kidogo kuliko robo dola ya sasa, na ukingo wake ni laini hauna mistari. Ikiwa imelika sana itapungua uzito kidogo, hiyo kawaida, ila ikizidi au ikivutwa na sumaku rudisha.

Hatua ya 4: jifunze kusoma neno WE

Hapa tulia maana ndo penye hela. Usihangaike na ngao kwanza, angalia utepe. Neno WE liko katikati ya utepe na ndilo linaloanza kufutika sarafu ikipita mikononi mwa watu. Ishike kwa kingo, iinamishe chini ya taa polepole mpaka mwanga uteleze juu ya utepe. Ukiona IN GOD kwa shida na WE haipo kabisa, hiyo ni gredi ya chini, bei ya chini. Ukiona maneno yote manne lakini WE imefifia hiyo ni nzuri ya kati, na kwa maoni yangu ndo ya kununua kwa seti nzima, ina sura na haikukamui. WE ikiwa imesimama kabisa, herufi zina kingo, hapo bei inapanda na ni halali ipande. Yangu ya kwanza, ya 1865, nililipa dola 18, WE ilikuwa kama kivuli tu, na bado ninayo.

Hatua ya 5: kimbia zilizosafishwa

Hii iliniuma. Niliona 1868 mtandaoni, picha inawaka rangi ya chungwa, nikasema hii imetoka kiwandani jana nikalipa haraka, ilipofika nikaiweka chini ya lenzi nikakuta mikwaruzo myembamba mamia yote inaelekea upande mmoja, mtu kaisugua na dawa. Muuzaji hakurudisha hela. Shaba ya miaka 150 inatakiwa iwe kahawia, kahawia ya chokoleti au ya karanga iliyokaangwa, na kwenye mashimo ya herufi iwe nyeusi zaidi. Nyekundu ya asili ipo ila huwa haiko sawa kila mahali, inabaki zaidi pembeni mwa herufi na kwenye kona za ngao. Ikiwa imechakaa halafu inang'aa kama sufuria mpya, acha. Na wewe usisafishe yako, hata kwa ndimu, hata kwa chumvi, tafadhali.

Hatua ya 6: kagua kila 1864 unayokutana nayo

1864 ziko aina mbili, kaulimbiu kubwa na kaulimbiu ndogo, yaani yale maneno IN GOD WE TRUST yameandikwa kwa ukubwa tofauti. Ndogo ni adimu na bei yake ni mara nyingi ya ile ya kawaida, na wauzaji wengine hawakagui. Angalia kikonyo cha jani chini ya utepe, kwenye ndogo kinaonekana wazi, kwenye kubwa hakipo. Pia herufi D ya GOD kwenye kubwa ni nyembamba. Ukienda kwenye maonyesho ya sarafu omba trei nzima ya 1864, kaa, pitia moja moja, hakuna atakayekufukuza. Mi bado sijaipata lakini kila trei naifungua kwa moyo ule ule.

Hatua ya 7: 1872 na 1873

1872 hata ikiwa imechoka ni mamia ya dola, na 1873 ni zaidi ya elfu. Hizi nunua tu zilizofungwa kwenye plastiki ngumu na PCGS au NGC, kampuni zinazohakiki sarafu na kuzipa gredi, na namba ya cheti uihakiki kwenye tovuti yao kabla ya kulipa. Dunduliza pole pole, mi 1872 nimedunduliza miaka miwili.

Hatua ya 8: kuhifadhi

Usitumie vile vifuko laini vya plastiki vyenye harufu, vinatoa utelezi wa kijani unaokula shaba. Tumia vile vikadi vyenye dirisha la maila, plastiki nyembamba isiyodhuru shaba, weka kwenye boksi lenye pakiti za kukausha unyevu, na kila miezi michache fungua uangalie. Ukikuta kijani kinachonata loweka sarafu kwenye asetoni tupu, sio ile ya kutolea rangi ya kucha yenye manukato, ndani ya bakuli la kioo, madirisha wazi na mbali na moto. Ikishatoka iache ikauke yenyewe, usiifute hata kwa kitambaa.