Jinsi ya kulinganisha farasi wa 1973 na wa leo kwa alama za kasi

Kila Juni, mbio za Belmont zinapokaribia kule New York, kuna mtu huniuliza kama farasi wa miaka hii, Flightline, angemshinda Secretariat wa 1973. Muulizaji huwa ameshakuja na namba zake: Secretariat 139 katika Belmont ya 1973, Flightline 126 katika Pacific Classic ya 2022. Zote mbili ni alama za kasi za kipimo cha Mmarekani Andrew Beyer, ambamo namba kubwa ni kasi zaidi, kwa hiyo kwake yeye mjadala umefungwa.

Mimi natengeneza alama za kasi kwa mkono, yaani namba zinazotokana na muda wa farasi baada ya kuondoa mchango wa uwanja. Nilianza na mbio za Ngong, Nairobi, nikiwa na daftari na saa ya kupimia, kisha nikahamia kwenye matokeo ya Marekani kwa sababu kumbukumbu zao zinarudi nyuma miaka mingi na mtu anaweza kuzichimba. Kazi hii naipenda, na ndiyo maana sipendi kuona alama ikibebeshwa mzigo usio wake. Fuata hatua hizi kwa mpangilio, na usiruke ya nne hata ukiwa na haraka.

Hatua ya 1: Geuza sekunde kuwa urefu wa farasi

Farasi mmoja, pua hadi mkia, tunamhesabu kuwa mita 2.4 hivi. Belmont ya maili moja na nusu ni mita 2,414. Secretariat alizimaliza kwa 2:24, yaani sekunde 144, na rekodi hiyo haijavunjwa mpaka leo. Easy Goer mwaka 1989 alitumia 2:26. Gawanya mita kwa sekunde: Secretariat alikwenda mita 16.8 kwa sekunde, Easy Goer 16.5. Zile sekunde 2 zilizomtenga Easy Goer ni mita 33, sawa na urefu wa farasi 14.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa kanuni ya zamani inayosema sekunde moja ni urefu wa farasi 5. Unapata 10. Watu wawili wenye matokeo yaleyale mezani wameshatofautiana kwa farasi wanne, na hakuna aliyekosea kusoma. Kwa hiyo andika juu ya ukurasa wako kanuni unayoitumia, na usiibadilishe katikati.

Kumbuka pia kwamba muda wa zamani uliandikwa kwa sehemu za tano za sekunde. Sehemu moja ya tano ni zaidi ya urefu mmoja. Ukiona watu wanabishana kuhusu nusu urefu kati ya farasi wa 1957 na wa 2015, wanabishana juu ya kitu ambacho saa ya 1957 haikukiona.

Hatua ya 2: Kagua saa yenyewe

Preakness ya 1973, mbio za kule Maryland alizoshinda Secretariat, ni somo tosha. Saa ya umeme ya uwanja ilionyesha 1:55. Baadaye muda rasmi ukawekwa 1:54 na mbili ya tano, kwa kufuata saa ya mkono ya mpimaji wa uwanja. Wapimaji wa gazeti la Daily Racing Form wao walikuwa na 1:53 na mbili ya tano. Mabishano yalidumu hadi 2012, tume ya mbio ya Maryland ilipozipitia picha za video na kuamua kwamba muda ulikuwa 1:53. Kutoka saa ya kwanza hadi uamuzi huo, miaka 39 baada ya mbio, muda wa Secretariat ulipungua kwa sekunde 2, na sekunde 2, kama tulivyoona, ni farasi 14. Aliyekuwa ametengeneza alama yake kwa muda wa kwanza alikuwa na farasi mwingine kabisa kwenye daftari.

Halafu kuna jambo ambalo wageni wengi hawalijui. Marekani saa haianzi geti linapofunguka. Farasi hutoka, huchukua kasi kwa umbali fulani, na saa huanza akipita mahali palipowekwa. Umbali huo hautoshani kati ya uwanja na uwanja, wala kati ya mbio na mbio. Anayepewa mita nyingi za kuchukua kasi anafika kwenye saa akiwa tayari yumo kwenye shoti. Anayepewa chache anaifikia bado anajikusanya. Falongi sita (falongi moja ni mita 200 hivi) za uwanja huu na falongi sita za uwanja ule si kitu kimoja. Ukikosa taarifa hiyo, usilinganishe muda wa mbio fupi za viwanja viwili. Kwa mbio ndefu madhara ni madogo zaidi, ila yapo.

Hatua ya 3: Ondoa mchango wa uwanja

Chukua matokeo ya mbio zote za siku moja. Kwa kila mbio, tafuta muda wa kawaida wa farasi wa daraja lile kwa umbali ule, kisha uone siku hiyo walikuwa juu au chini yake. Ikiwa mbio nane kati ya tisa zimekwenda haraka kuliko kawaida kwa karibu nusu sekunde, njia ilikuwa nyepesi. Unaondoa faida ya nusu sekunde hiyo kwa kila farasi, na kinachobaki ndicho unachokigeuza kuwa alama. Marekebisho haya ndiyo roho ya kazi nzima.

Ukitaka kuona kwa nini ni lazima, rudi Belmont ya 1973. Twice a Prince alikuwa wa pili, urefu 31 nyuma ya Secretariat. Hizo ni mita 74, sekunde 4 na nusu na ushee, kwa hiyo yeye alimaliza kwa karibu 2:28.6. Mwaka 1977 Seattle Slew alishinda Belmont hiyohiyo na kukamilisha mataji matatu (Kentucky Derby, Preakness na Belmont) bila kushindwa hata mara moja, kwa 2:29 na tatu ya tano. Kwa saa tupu, Twice a Prince anamwacha Seattle Slew kwa urefu wa farasi sita au saba. Hakuna mtu wa mbio atakayelikubali hilo. Mwaka 1977 njia ilikuwa tope.

Tope unaliona kwa macho. Mengine huyaoni. Miaka yangu ya mwanzo niliandika kwamba farasi mmoja niliyempenda ameshuka kiwango, kwa sababu kwenye mbio za nyasi alikuwa amepoteza zaidi ya nusu sekunde ndani ya wiki tatu. Saisi mmoja mzee aliyekuwa akimpoza farasi mwingine aliniangalia nikiandika.

"Kijana, uzio umeupima?"

"Uzio gani, mzee?"

"Wa ndani. Wameusogeza nje, nyasi zipumzike. Nenda kwenye kona ukahesabu hatua zako."

Nikaenda. Zilikuwa hatua tatu ndefu, mita tatu hivi. Kona ya nusu duara ikisogezwa nje mita tatu, njia inaongezeka kwa tatu mara 3.14, yaani mita 9.4. Hizo ni farasi wanne, na ni sekunde 0.57. Yule farasi hakuwa ameshuka chochote. Tangu siku hiyo, mahali uzio ulipo nakuandika kabla ya muda.

Hatua ya 4: Uliza muda wa kawaida umetoka wapi

Hapa ndipo swali la vizazi linapoamuliwa, na hapa ndipo wengi hupita mbio.

Ule muda wa kawaida uliotumika katika hatua ya 3 haukushuka kutoka mbinguni. Umetengenezwa kwa wastani wa farasi wa kipindi hichohicho. Tuseme mwaka 1975 farasi wa daraja fulani walimaliza falongi sita kwa 1:11.0, nasi tukakubaliana kwamba muda huo unapata alama 80. Tuseme tena kwamba kwa miaka 30 farasi wa daraja hilo wameboreka kwelikweli, na sasa wanakimbia 1:10.4.

Mtengenezaji wa alama atafanya moja kati ya mawili. Akisasisha jedwali lake, 1:10.4 inakuwa ndiyo kawaida na inapata 80. Akiliacha jedwali la zamani, ataona kila siku mbio zote ziko haraka kwa sekunde 0.6, atasema njia ni nyepesi, ataondoa faida ya 0.6, na farasi atapata 80 vilevile. Njia zote mbili zinafuta maendeleo yote ya miaka 30. Sasa geuza: farasi hawakuboreka hata kidogo, udongo ndio uliobadilishwa ukawa mwepesi. Jibu ni 80 tena. Hesabu haina namna ya kujua ni farasi au ni udongo.

Wapo wanaosema mbinu ya Beyer imevuka tatizo hili kwa kuwa haitegemei jedwali peke yake. Inatazama pia alama ambazo farasi wa mbio hiyo walizipata awali, na kukadiria leo walipaswa kupata ngapi. Ni mbinu bora, naitumia. Lakini kila mwaka wanaingia farasi wachanga wasio na alama yoyote, na wakongwe wanastaafu. Kiungo kati ya mwaka na mwaka ni dhana ya mtengenezaji kuhusu farasi wa miaka miwili atakavyokuwa akifikisha mitatu. Dhana hiyo ikipotoka kidogo tu kila mwaka, baada ya miaka 40 tumefika mbali na tulipoanzia, na hakuna aliyeona tukisogea.

Nitoe mfano unaonishika zaidi. Mwishoni mwa karne ya 19 majoki walikaa wima kwenye tandiko, miguu mirefu. Kisha wakaanza kufupisha vikuku vya kukanyagia na kuinama juu ya shingo ya farasi; Tod Sloan, Mmarekani, aliupeleka mkao huo Uingereza mwaka 1897. Katika miaka ile muda wa mbio kubwa ulipungua kwa asilimia 5 hadi 7. Kwa mbio ya sekunde 144, hiyo ni sekunde 7 hadi 10. Ingekuwa alama za kasi zilikuwepo wakati ule, mabadiliko hayo makubwa kuliko yote katika historia ya mchezo yangeingizwa kwenye safu ya uwanja, na vitabu vingesema kwamba miaka ile njia zilikuwa nyepesi mno.

Hatua ya 5: Badilisha swali liwe linalojibika

Alama haiwezi kukuambia nani angemshinda nani. Inaweza kukuambia farasi huyu aliwazidi wa siku zake kwa kiasi gani, na hilo linalinganishika, ukiwa mwangalifu. Orodhesha alama 20 bora za mwaka wake, toa yake, tafuta wastani wa zilizobaki, kisha upime pengo. Fanya hivyo kwa farasi wa pili katika mwaka wake. Linganisha mapengo mawili, si alama mbili.

Kisha tazama walioachwa nyuma. Flightline alishinda Pacific Classic kwa urefu 19 na robo, na aliyekuwa wa pili ni Country Grammer, mshindi wa Dubai World Cup mwaka huohuo. Secretariat aliacha urefu 31, lakini nyuma yake walikuwa farasi wanne tu, na Sham, aliye bora zaidi kati yao, alikuwa ameungua kwa kumkimbiza mwanzoni: falongi sita za kwanza zilipitwa kwa 1:09 na nne ya tano, mwendo wa mbio fupi ndani ya mbio ya maili moja na nusu. Pengo kubwa linaweza kutoka kwa ubora wa mshindi au kwa kuporomoka kwa wengine. Kwa Secretariat naamini ni mshindi, kwa sababu saa nayo inamshuhudia: katika miaka yote tangu 1973, walio karibu zaidi naye ni Easy Goer na A.P. Indy, na wote wawili ni wa 2:26.

Hata wataalamu wa viwango vya kimataifa, wasiotumia saa bali ushindi wa farasi juu ya farasi, waliona mizani yao imesogea. Mwanzoni mwa 2013 walishusha viwango vya zamani: Dancing Brave, farasi wa 1986, alitoka 141 akawa 138, na Frankel wa 2012, mwenye 140, akapanda juu yake. Frankel alikuwa ameshastaafu. Naliona ni tendo la uaminifu, na watengenezaji wa alama za kasi wangefaa kuliiga.

Hatua ya 6: Andika mazingira

Hii ni fupi. Secretariat alikimbia mara 21, Flightline mara 6. Mwaka 1960 farasi wa Marekani alikimbia kwa wastani mara 11 hivi kwa mwaka. Siku hizi ni karibu 6, kwa hiyo anaingia uwanjani amepumzika. Dawa ya Lasix, ya kuzuia farasi kutokwa damu mapafuni, haikuruhusiwa siku ya mbio New York hadi 1995. Usijaribu kuvigeuza hivi kuwa pointi. Viandike pembeni ya alama, msomaji avione.

Hatua ya 7: Toa jibu pamoja na upana wake

Kwa farasi wa msimu mmoja, naamini tofauti ya pointi 3. Kwa wanaotenganishwa na miaka 10, nataka 6 au 7. Kwa miaka 50, chini ya 15 sitamki mshindi. Viwango hivi ni vyangu, vimetokana na makosa ya saa, uzio na jedwali niliyokuonyesha juu. Kati ya 139 na 126 kuna 13. Kwa hiyo kwenye ukurasa wangu wa Secretariat na Flightline nimeandika: "Secretariat: pengo kubwa zaidi juu ya rika lake. Nani angeshinda uwanjani: haijulikani."

Tahadhari moja kama unaanza daftari sasa. Tangu 2024 mbio za Belmont zimehamishiwa uwanja wa Saratoga, kwa maili moja na robo, huku Belmont Park ikijengwa upya. Muda wa miaka hiyo usiuweke safu moja na 2:24. Na mbio zitakaporudi kwenye njia mpya, anza muda wa kawaida upya kuanzia siku ya kwanza, kwa sababu udongo aliokanyaga Secretariat hautakuwepo tena.